Spea ni Deni

Ingia duka lolote la vyombo vya umeme pale Kimathi Way, Nyeri, uulize bei ya mashine ya kufua. Utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza. Utaambiwa inabeba kilo ngapi, inakula stima kiasi gani, ina programu kumi na tano, na ukilipa leo italetwa mpaka mlangoni. Sasa uliza swali la pili: beringi zake zikiisha mwaka wa sita, nitapata zingine wapi? Kijana wa mauzo atamwangalia mwenzake, mwenzake ataangalia simu. Mwishowe utaambiwa, "Hii haisumbui, madam. Na ikisumbua kuna waranti."

Waranti ni ya mwaka mmoja au miwili. Swali lilikuwa la mwaka wa sita.

Simlaumu kijana. Ameajiriwa kuuza na hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo. Lakini kile kimya chake kimebeba swali la haki, na si swali dogo. Anayekuuzia mashine ya kufua hakuuzii bati na plastiki. Anakuuzia muda. Anakuuzia Jumamosi zako, au za mamako, kwa miaka kadhaa ijayo. Kama anajua, au angeweza kujua, kwamba Jumamosi hizo zitakatika siku moja kwa kukosa kipande kinachotoshea kwenye kiganja, basi amepokea pesa ya ahadi isiyo kamili. Waswahili walishasema ahadi ni deni. Mimi naongeza kwamba spea nayo ni deni. Ninachotaka kujua ni nani anayedaiwa, na likikosa kulipwa, ni nani huishia kulilipa.

Tuanze na hiyo bidhaa inayoitwa Jumamosi. Kufua kwa mkono si jambo la kusimuliwa kwa mahaba, hasa na sisi tuliolelewa upande huu wa mlima. Ni kungoja maji ya mfereji ambayo hata mchana yanauma vidole kwa baridi. Ni kuloweka, kusugua kola kwa sabuni ya kipande, kusuuza mara mbili, kukamua blanketi watu wawili, kila mmoja akizungusha upande wake. Halafu kuna kuanika, na hapo ndipo mambo huchacha. Julai ya Nyeri haina jua. Ukungu unakaa juu ya mabati mpaka saa sita, manyunyu yanakuja yakienda, na sare iliyofuliwa Ijumaa inavaliwa Jumatatu mifuko ikiwa bado na unyevu. Wengi wetu tunaijua harufu ya sweta iliyokaushiwa karibu na jiko la makaa. Ndiyo maana mtu wa hapa akisifu mashine hasifu kufua kwanza. Anasifu kukamua. Dramu ikizunguka mara elfu moja kwa dakika, nguo hutoka karibu zimekauka, na hata siku ya mawingu kamba inatosha kumaliza kazi.

Mwaka 2010, Hans Rosling, daktari na mtakwimu wa Uswidi, alitoa hotuba ya TED kuhusu mashine hii. Alisimulia siku mamake aliponunua ya kwanza, na jinsi bibi yake alivyoketi mbele yake akaitazama ikifua mwanzo hadi mwisho. Muda uliookolewa, alisema, mamake aliutumia kumpeleka maktaba. Mwaka huo huo mwanauchumi Ha-Joon Chang wa Korea Kusini alichapisha kitabu kinachodai kwamba mashine ya kufua imeibadilisha dunia kuliko intaneti. Ukilisoma dai hilo simu ikiwa mkononi unacheka. Ukilisoma vidole vikiwa vimekunjamana kwa sabuni, unaona jamaa ana hoja.

Lakini kuna upande wa pili. Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha 1983, More Work for Mother, alionyesha kwamba vyombo hivi havikumpunguzia mama wa nyumbani saa za kazi kama matangazo yalivyoahidi. Viwango vya usafi vilipanda. Nguo iliyokuwa ikivaliwa siku tatu ikaanza kufuliwa kila siku. Na wale waliokuwa wakisaidia, yaani baba, watoto na vibarua, wakaondoka mmoja mmoja, mama akabaki na mashine. Kwa hiyo mashine haigawi kazi kwa haki. Inaipa kazi umbo jipya tu, kisha watu ndio wanaoamua nani aibebe. Tuliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Mashine ninayoijua kwa undani iko King'ong'o, nyumbani kwa mamangu. Ni ya mlango wa mbele, na mimi na kakangu tuliinunua ikiwa mpya kwa kuchangishana, kwa sababu mamangu ana baridi yabisi na vidole vyake havikubali tena kukamua. Mwaka wa sita ilianza kuvuma wakati wa kukamua. Kufika Machi ilikuwa inanguruma kama mashine ya posho.

Kinachotokea ndani ni rahisi kueleza. Nyuma ya dramu kuna mhimili, na mhimili unashikwa na beringi mbili. Mbele ya beringi kuna mpira wa duara ambao mafundi wanauita sili. Kazi yake ni moja tu, kuzuia maji yasifike kwenye beringi. Sili ikichakaa, maji yanapenya, yanaosha grisi, gololi zinashika kutu. Mvumo unaousikia ni kutu ikisaga chuma. Ukiendelea kuitumia hivyo, dramu inaanza kucheza, inakwaruza pipa, na siku moja mhimili unakwama kabisa.

Fundi aliyekuja anahudumia watu kuanzia Othaya mpaka Nanyuki kwa pikipiki, mkoba mgongoni. Alifungua mlango, akaizungusha dramu kwa mkono, akasikiza kimya. Kisha akamwambia mamangu, "Mathe, hii ni beringi. Na beringi si shida. Shida ni nyumba yake."

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba katika maneno hayo machache alikuwa ameeleza tatizo lote la maadili ninaloandika hapa.

Beringi kweli si shida. Pembeni zimechongwa namba: 6205 na 6206. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata upana wa tundu kwa milimita. 05 ni milimita 25, 06 ni milimita 30. Ya kwanza ina upana wa nje wa milimita 52, ya pili 62, iwe imetengenezwa Uswidi, Japani, Uchina au India. Ni makubaliano ya dunia nzima, na yana uzuri wake. Watu wasiofahamiana, katika nchi zisizopendana, walikubali kwamba 6205 itakuwa 6205 kila mahali, ili mwenye pampu Karatina na mwenye kiwanda Osaka waweze kusaidiana bila kujuana. Tulizipata zote mbili mjini Nyeri mchana huo huo, kwenye duka linalouza spea za magari. Muuzaji hakuuliza ni za nini. Aliuliza namba tu.

Sili ilikuwa na maringo zaidi. Fundi aliipima, akaipiga picha, akaituma kwa mtu wake Luthuli Avenue, Nairobi. Ikaja na matatu kama kifurushi, na ikawa imezidi milimita mbili. Ikarudi. Iliyofuata ikakaa sawa. Kati ya ya kwanza na ya pili zilipita siku tisa.

Sasa nyumba. Dramu inazungukia ndani ya pipa kubwa la plastiki, na beringi zimekaa mgongoni mwa pipa hilo. Kuzitoa ni lazima pipa lifunguliwe katikati. Kuna mashine ambazo nusu mbili za pipa zimefungwa kwa bolti. Unazilegeza, unafungua, unabadilisha, unafunga. Kwenye mashine ya mamangu, kama ilivyo kwa nyingi siku hizi, nusu hizo zimechomelewa pamoja kiwandani. Hakuna bolti. Hakuna mlango. Ukiuliza kwa njia rasmi unaambiwa ununue pipa zima pamoja na dramu yake, kwa bei inayokaribia ya mashine mpya, na lenyewe ni la kuagizwa, ukae ukingoja miezi. Beringi za bei ya soda chache zimefungiwa ndani ya kitu cha bei ya mbuzi kadhaa.

Kwa hiyo fundi alichukua msumeno. Alilala nalo lile pipa uani mchana kutwa, akilipasua kwenye mshono polepole ili asiguse dramu. Akatoboa matundu ukingoni kuzunguka lote. Akazigonga beringi za zamani zikatoka vumbi jekundu, akaingiza mpya, akaweka sili, akapaka silikoni kwenye mshono, akafunga kwa bolti na nati. Jioni alipomaliza, mashine ilizunguka bila sauti. Na kuna kitu kingine kilichokuwa kimetokea ambacho hakikuwa kwenye risiti: pipa sasa linafunguka. Beringi zikiisha tena, itakuwa kazi ya saa chache. Mtu wa pikipiki na msumeno alikuwa ameirudishia mashine kitu ambacho kiwanda kilikiondoa.

Je, kiwanda kilikiondoa kwa ubaya? Sitaki kwenda haraka huko. Kuchomelea plastiki ni haraka kuliko kukaza bolti ishirini, kunapunguza gharama, na pipa lisilo na mshono wa kufunguka lina nafasi ndogo ya kuvuja. Inawezekana kabisa kwamba hakuna mtu aliyeketi kwenye chumba chochote akasema, "Tuwakomoe." Lakini maadili hayaishii kwenye nia. Mtu akijenga jumba lake kwa namna ambayo maji ya mvua yote yanamwagikia ua wa jirani, hatumuulizi kwanza kama alimchukia jirani. Tunamuuliza kama aliona mteremko. Waliochora pipa lile waliuona mteremko. Walijua beringi huisha, kwa sababu kila beringi huisha. Faida ya kuchomelea ilibaki kwao. Gharama yake iliteremka mpaka uani kwa watu wasiowajua. Hapo ndipo ninapoona deni.

Kuna mahali ambapo deni hili limeandikwa kwenye sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021, inamlazimu anayeuza mashine za kufua awe na vipuri vilivyoorodheshwa kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni, na avifikishe ndani ya siku 15 za kazi. Mwaka huo huo wa 2021 Ufaransa ilianza kuwataka wauzaji waonyeshe dukani alama ya urahisi wa kutengenezeka, karibu na bei, ili mnunuzi alinganishe. Sheria hizo si malaika. Kanuni ya Ulaya yenyewe inaruhusu beringi kuuzwa peke yake au zikiwa zimefungwa pamoja na dramu, na huo mwanya mdogo unatosha kupitisha lile pipa zima. Hata hivyo, jambo la msingi limekubaliwa: kwamba swali la mwaka wa sita ni swali halali, na kuna mtu anayepaswa kulijibu.

Huku kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na pia haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa hizo. Katiba haitaji spea. Lakini mimi nikisoma "kufaidika kikamilifu", siwezi kuona jinsi mtu anavyofaidika kikamilifu na mashine ambayo hajaambiwa kwamba haifunguki. Mpaka hilo lifafanuliwe, kipuri ambacho mtu wa Lyon anakidai kisheria, mtu wa Karatina anakiomba kama hisani. Na kitu ambacho matengenezo yake unayaomba kama hisani si chako sawasawa. Umekikodi tu, na hujaambiwa mkataba unaisha lini.

Najua pingamizi la kwanza, maana rafiki yangu alilitoa bila kuombwa. "Mnajitesa bure," aliniambia. "Nunua ingine. Hii dunia ni ya kubadilisha." Kuna siku ana haki. Bodi ya umeme ikiungua pamoja na mota, na pipa limepasuka, hesabu inaweza kukuambia uachilie. Kushikilia kitu kilichokufa kwa jina la maadili ni ushirikina. Lakini anachokosa kukiona ni kwamba "ingine" anayoisema nayo imechomelewa. Ukinunua mpya hujatoka kwenye tatizo. Umelisogeza mbele miaka sita, na umelipa kwa kulisogeza. Na ile ya zamani haijaenda popote. Iko nyuma ya nyumba, ndani yake mna kuku, au imetupwa bondeni. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, si mbali na hapa, alipozuru Japani mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, alikutana na neno la Kijapani mottainai. Ni neno la kujuta kitu kinapopotea bure kabla hakijamaliza thamani yake. Alilibeba akalitangaza dunia nzima, akiliunganisha na kupunguza, kutumia tena na kutengeneza. Sidhani ni ajabu kwamba mtoto wa Nyeri ndiye aliyelisikia neno hilo akalitambua. Shosho zetu hawakuwa na neno moja la kulieleza, lakini sufuria zao zilikuwa na viraka.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka upande wangu mwenyewe. Tunapenda mno kusifu ubunifu wa jua kali. Tunapiga picha ya fundi na msumeno wake, tunaandika maneno matamu, tunajisikia vizuri. Lakini ule mchana kutwa uani si shairi. Ni saa za mtu mmoja zilizotumika kufidia uamuzi wa mtu mwingine. Tukiusifu sana tunausamehe uamuzi. Na mara nyingi hata hizo saa hatutaki kuzilipa. Siku fundi wetu alipotaja bei, jamaa mmoja wa familia alishtuka: "Pesa hiyo yote kwa beringi za mia chache?" Fundi hakukasirika. Alisema tu, "Mzee, beringi ni yako. Mimi nimeuza kujua pa kukata." Alilipwa alichotaja, na nadhani ingekuwa haki hata kama angetaja zaidi. Ukidai kiwanda kiheshimu matengenezo halafu wewe mwenyewe ubishane na anayetengeneza kama vile muda wake ni wa bure, huna hoja. Una bei tu.

Deni pia halipandi juu peke yake mpaka kiwandani. Linashuka hadi kwa mwenye mashine. Mashine haina mdomo wa kulalamika, na mengi yanayoiua ni uvivu wetu wa kawaida. Kuna chujio dogo chini kwa mbele, lenye kifuniko cha kuzungusha. Humo hukusanyika vifungo, pini, sarafu za shilingi kumi na vipande vya karatasi, mpaka pampu ya kutoa maji inashindwa. Kulisafisha ni dakika kumi na kitambaa sakafuni. Kuna kichujio kingine kama wavu kwenye mdomo wa mpira wa kuingiza maji, ambapo mchanga wa tenki hujaa. Kuna suala la tenki lenyewe: kila mita kumi za urefu hukupa takriban baa moja ya shinikizo, kwa hiyo tenki lililowekwa juu ya bafu, mita mbili tu, huifanya mashine ya kujijaza yenyewe ingoje maji hadi ikate tamaa. Ndiyo sababu nyumba nyingi bado hununua zile za mapipa mawili ambazo unazijaza kwa ndoo. Kuna stima inayopotea na kurudi kwa kishindo. Kifaa kidogo cha kulinda volteji ni nafuu kuliko bodi. Kuna sabuni ya unga nyingi kupita kiasi, blanketi tatu badala ya moja, miguu isiyo sawa sakafuni inayoifanya iruke wakati wa kukamua na kuzipiga beringi kila mara. Na mlango ukiachwa wazi baada ya kufua, ule mpira wake hauoti ukungu mweusi.

Naorodhesha haya kwa sababu moja. Uliza nyumba yoyote: nani anajua chujio liko wapi? Nimeuliza nyingi, mjini Nyeri, Karatina na kwa marafiki Nanyuki. Jibu karibu kila mara ni mwanamke, au hakuna anayejua. Wanaume waliochangia bei ya mashine wanajua bei. Hapo Cowan anarudi kutukumbusha. Tulidhani tumenunua mashine ili kazi iondoke mgongoni mwa mama. Kumbe tumemwongezea kazi nyingine ndogo, ya kuilea mashine. Kama kutunza ni wajibu wa kimaadili, na naamini ni wajibu, basi hauwezi kuwa wajibu wa jinsia moja. Kakangu sasa ndiye wa chujio, kila mwisho wa mwezi anapokuja nyumbani. Mamangu alimwonyesha mara moja akaenda kuketi.

Nimebakiza sehemu ambayo hainipi usingizi wa raha. Zile wiki tatu tulizokuwa tukitafuta sili, nguo hazikusubiri. Mama aliyekuwa akitufulia kabla ya mashine aliitwa tena. Alikuja Jumanne na Ijumaa, akapanga mabeseni yake matatu uani, akainama. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kilemba cha kijani, anayefua kwa kasi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ijumaa ya pili alinyooka polepole, mkono kiunoni, akaniuliza, "Na mashine itapona lini?"

Mpaka leo sijui alitaka nijibu nini. Ikipona upesi, mgongo wake unapumzika. Ikipona upesi, pesa ya Jumanne na Ijumaa inakatika.

Ndipo nilipoliona deni kwa ukubwa wake. Kwa mashine tulipiga simu mpaka Nairobi. Tulipima sehemu iliyochakaa kwa milimita, tukaipiga picha, tukairudisha ilipokuwa kubwa kwa milimita mbili. Tulikubali kwamba kitu kinachozunguka sana huisha, na kwamba kuisha kwake si kosa lake. Magoti ya yule mama nayo yamezunguka miaka thelathini, kwenye nyua za watu wengi. Hayana namba iliyochongwa pembeni. Hakuna duka la Kimathi Way ambalo ungetaja namba ukapewa. Na walipoacha kumwita, nyumba nyingi hazikuona kwamba kuna kitu chochote cha kutengeneza. Walinunua mashine, basi.

Aristotle aliandika kwamba kama mitambo ingefuma yenyewe, mabwana hawangehitaji watumwa. Kwake ilikuwa ndoto ya kupita. Sisi tumeiona mitambo hiyo, na tumegundua kwamba alisahau nusu ya swali: aliyekuwa akifuma atakula nini siku mtambo unapoanza? Sisemi tumwache mtu ameinama kwenye beseni ili tuhalalishe mshahara wake. Huo ungekuwa ukatili unaojiita huruma. Nasema tu kwamba muda ambao mashine inatuokolea ulikuwa na mwenyewe, na aliyeupata anawajibika kwa aliyepoteza. Angalau alipwe vizuri siku anazoitwa, aambiwe mapema siku zinapokatika, na asifutwe kama namba ya simu isiyotumika.

Mamangu, ambaye hasomi falsafa na hajaniomba ushauri, alilichukua jambo hili kwa njia yake. Siku hizi yule mama huja Ijumaa kupiga pasi na kupanga nguo, siku moja badala ya mbili, kwa malipo ya siku nzima. Na huja na mfuko: blanketi na sare za wajukuu wake, ambazo huingia kwenye mashine kabla ya zetu. Nilipouliza kama mzigo huo hautazimaliza beringi haraka, mamangu alinijibu, "Si mlisema sasa inafunguka?"

Hesabu haijafungwa. Ijumaa moja si sawa na Jumanne na Ijumaa, na najua yeye anaifanya hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Lakini Julai iliyopita, mvua ikinyesha siku nne mfululizo, wajukuu wale walienda shule na sweta kavu.